Pesa za Oketcho na Kopo la Samli

Benchi la Taaka lilikuwa upande wa Uganda, mkabala na kizuizi cha forodha cha Busia, na aliyekaa pale asubuhi moja tu aliondoka akijua nani amevuka, amebeba nini na amemdanganya nani. Taaka aliuza kahawa na njugu, na wateja wake wa kila siku walikuwa watatu. Osborn alifagia ofisi ya forodha lakini alizungumza kama aliyeijenga, wakamwita Forodha. Wanjala aliendesha lori la samaki kutoka upande wa Kenya. Waliitwa Breki, yeye na lori lake, kwa sababu lori halikuwa nazo. Wa tatu alikuwa Elphas, karani wa chama cha ushirika cha pamba, na wao walimwita Karani tu. Ulikuwa mwaka wa pili wa Uhuru, na asubuhi hiyo Karani hakuwa na raha hata chembe.

Habari iliyokuwa benchini ni ya Oketcho, karani mwenzake. Alhamisi Oketcho angepanda treni Tororo hadi Mombasa, kisha meli, aende Uingereza kusomea mambo ya ushirika mwaka mzima. Chama kilimlipia nauli na masomo. Pesa za matumizi zilitoka kwa ukoo wake kule Molo, kijiji cha upande wa Tororo, waliouza ng'ombe na kumchangia. Jana yake alikuwa amepita benchini akiuliza, kwa unyenyekevu wake ule uliomkera Elphas, mtu akisafiri mbali hivyo anabeba pesa wapi zisiibiwe.

— Kwenye kiatu, alisema Breki. Fundi anafungua soli, unalaza noti, anapiga misumari. Nani atakuvua kiatu usisikie?

— Kwani kwa meli watu nalala na viatu? aliuliza Forodha.

Breki akafikiri. Basi ajifunge bandeji pajani, noti ziwe ndani, na juu apake ile dawa ya zambarau ya hospitali, maana mwizi gani anashika kidonda cha mwenzake? Forodha akamwambia daktari wa bandari atashika. Breki hakukata tamaa. Akasema Oketcho anunue saa za mkono kumi hapa hapa kwa Mhindi, avae tano huku na tano huku, akifika Uingereza auze moja moja kila akiona njaa.

— Na Mzungu akimuuliza saa ngapi, ataangalia mkono gani?

Taaka alicheka mpaka akamwaga kahawa. Elphas hakucheka. Alishikilia kikombe chake akatazama barabara, kwa sababu yeye jibu alikuwa nalo, na alikuwa nalo lote.

Miezi miwili nyuma, yeye na Oketcho walisailiwa siku moja kule Tororo kwa nafasi hiyo hiyo moja. Elphas alitoka chumbani akiwa na hakika ya ushindi, na tai ya kuazima ikiwa bado shingoni alivuka barabara moja kwa moja mpaka benki, akauliza mtu aendaye Uingereza hubebaje pesa. Akaelezwa vizuri, akaitwa bwana. Kisha barua ikaja, na ilikuwa ya Oketcho. Benchini Elphas alisema hakuwahi kuitaka safari hiyo, kwamba Ulaya kuna baridi na yeye kifua chake hakiiwezi. Wakamwamini, au walijifanya. Tangu hapo alimwonea wivu, na usiku wa jana alijikuta akimwombea Oketcho aibiwe. Si zote. Lakini aibiwe.

— Sikia mimi, alisema Forodha. Mimi nakaa forodha, naona mambo. Afisa hapendi kitu ya kuchafua mkono. Funga hiyo pesa na karatasi ya nta, zamisha katikati ya kopo ya samli. Mwizi ataiba sanduku, ataacha samli.

Walikuwa bado wanabishana kama samli haiyeyuki baharini, akafika Mama Awor, mama mzazi wa Oketcho. Alikuwa ametoka Molo alfajiri. Aliwasalimu mmoja mmoja, akamuuliza Elphas kifua chake kinaendeleaje, kisha akasema kilichomleta. Mwanawe alimwambia watu wa benchi hili wanajua mambo ya safari. Ng'ombe aliowauza ndio wa mwisho, hana wengine, na hataki kukosea.

Forodha akamweleza samli yake polepole, kwa mikono miwili. Mama alisikiliza kwa makini. Alisema samli anayo nyumbani, na kopo lenye kifuniko kizuri analo pia, angemfungia leo jioni.

— Asante sana, baba. Wewe Mungu amekupa akili, alimwambia.

Forodha akajinyoosha. Hapo ndipo Elphas aliposhindwa. Kwamba Oketcho aende Uingereza alikuwa amejilazimisha kulimeza, lakini Osborn wa ufagio ashukuriwe kwa ujuzi ambao Elphas ndiye mwenyewe, hapana, hilo lilimchoma kuliko lile la kwanza.

— Mama, usiweke pesa kwenye samli, alisema.

Akamwambia yote, akasema alikwenda benki mwenyewe akaelezwa. Waende Tororo kesho na basi la kwanza, Oketcho abebe pasipoti yake. Benki itachukua noti na kumpa cheki za wasafiri. Atatia sahihi kila moja pale pale, na sahihi ya pili hatatia mpaka asimame mbele ya karani wa benki ya kule aendako, ndipo alipwe. Mwizi akiziiba hazimfai kitu, maana sahihi hawezi kuifananisha. Namba zake aziandike kwenye karatasi nyingine, akae nayo mbali na cheki zenyewe, ili zikipotea benki impe nyingine. Gharama ni shilingi moja kwa kila mia. Za chakula cha njiani tu ndizo abaki nazo mfukoni.

Breki alisahau kutafuna njugu. Forodha alisema hata yeye alikuwa anakaribia kufika hapo, lakini hakuna aliyemsikiliza. Mama Awor alikuwa akirudia kimyakimya, sahihi ya kwanza, sahihi ya pili, karatasi ya namba, mpaka akashika. Kisha akamshika Elphas mkono kwa mikono yake yote miwili.

— Asante, mwanangu. Sasa mimi nauliza tu. Hiyo siku ulikwenda benki kuuliza haya yote, ulikuwa unaulizia nani?

Elphas alimsogezea Taaka kikombe chake kwa mkono mwingine. Breki aligeuka kutazama lori lake. Forodha alikuwa anachungulia ndani ya kikombe. Taaka akainua birika ammiminie Karani, akakuta kahawa imekwisha.

Mama Awor hakuwa na haraka. Aliketi kwenye nafasi iliyobaki benchini, akasubiri ajibiwe.