Nililima Uani kwa Hajati

Bwana asifiwe, ndugu zangu! Asifiwe tena! Nimesimama kushuhudia jambo ambalo mpaka leo linanichanganya kichwa, lakini nikilinyamazia nitakuwa mwizi wa utukufu wa Mungu.

Mnanijua, mimi ni Mama Furaha. Nilitoka Kivu ya Kusini nikiwa mjane, nikapokelewa Kabazana, kituo cha wakimbizi kule Uganda, kisha nikapewa kiwanja katika makazi ya Nakivale. Nyinyi mliopitia kule mnajua desturi yetu: ukionyeshwa kiwanja leo, leo hiyo hiyo unapiga jembe na kutia mbegu, hata kama nyumba bado. Ukichelewa, asubuhi unamkuta mwenzako amejenga. Miaka sita niliishi hivyo, sikujua namna nyingine.

Ndipo Furaha wangu akaugua mfupa wa mguu, ukatoka kidonda. Daktari wa Mbarara akasema kidonda kisafishwe kila siku ya pili, la sivyo mguu utakatwa. Kutoka Nakivale ningewezaje? Gari lenyewe kulipata ni bahati. Ikabidi nitafute chumba mjini Mbarara.

Ndugu zangu, mji ule ulinivuruga! Nilifika nikauliza ofisi inayogawa nyumba iko wapi. Watu wakacheka. Mmoja akanielekeza kwa dalali, naye akataka alipwe kwa kunionyesha mlango tu. Wenye nyumba walitaka kodi ya miezi mitatu kwa mpigo, maana, walisema, wakimbizi hutoroka. Mimi niliyekimbia risasi, sasa naogopwa kwamba nitakimbia kodi! Nilifunga siku tatu, nikamwomba Mungu anipe mwenye nyumba Mkristo, mlokole kama sisi.

Siku ya nne dalali alinipeleka mtaa wa Nyamitanga, kwa Hajati mmoja, mjane Mwislamu, ambaye hatukumkuta. Dalali akanionyesha chumba cha nyuma, akasema nirudi nikiwa na ile miezi mitatu. Sikuwa nayo. Lakini si nilikuwa nimekwisha kuonyeshwa? Kesho yake asubuhi nikaja na jembe langu na maharage kwenye kitenge, nikaanza kulima uani. Nilizing'oa nyasi zake zote nzuri, zile ambazo watu wa mjini huzipanda kwa kuzitazama.

Hajati akatoka. Akaniuliza nani amenituma kuharibu kwake.

"Mama, unisamehe," nikasema. "Balinionyesha hii fasi jana. Nikiacha bila kulima, mutu mwingine atakamata, na mutoto wangu atakatwa muguu."

Aibu ilinishika. Yeye akautazama udongo, akayatazama maharage, akakaa kizingitini. Akauliza habari za mtoto, nami nikamweleza yote.

"Wapangaji wawili walinitoroka," akasema mwishowe. "Lakini mtu anayepanda maharage, huyo anangoja kuvuna. Lete mtoto. Utalipa mwezi ukiisha, polepole."

Ndugu zangu, sikuelewa! Nimeharibu uwanja wa mtu, napewa ufunguo! Nilipiga magoti palepale kwenye udongo nikalia, nikamshukuru Yesu kwa sauti, na Hajati akaitikia amina.

Furaha alisafishwa kidonda miezi saba. Mguu haukukatwa! Ni huyo pale amesimama na kwaya, anachechemea kidogo tu. Haleluya!

Namshukuru Mungu, namshukuru na Hajati. Wengine wenu mmeniuliza kwa nini Bwana hakunipa nyumba ya mlokole kama nilivyoomba. Hilo ndilo linalonichanganya. Nilibisha hodi kwenye nyumba mbili za walokole, kabla ya kwenda Nyamitanga, na kote niliambiwa niombewe, kisha nilete miezi mitatu.

Basi wewe unayetafuta pa kulala, mtumaini Bwana, wala usichoke kubisha. Na wewe mwenye chumba kitupu, uliyekaa hapa kanisani unasema amina, kuna mama mlangoni kwako. Mfungulie.