Uzio wa Chini wa Bwana Nukui

Naandika haya kwa wenzangu wa kazi tarehe 3 Aprili 2025. Jumatatu iliyopita, tarehe 31 Machi, Bwana Nukui Shigeo, seremala wa Bustani ya Michezo ya Kamihira, alistaafu baada ya miaka thelathini na minne ya kazi. Huu pia ni mwaka wa hamsini na sita tangu yeye na mimi, kila mmoja nyuma ya mizigo ya wazazi wake, tuondolewe bonde la Nagusa ili bwawa lipate nafasi. Yeye alikuwa na umri wa miaka kumi, mimi kumi na minne. Nimelitaja bonde mapema kwa sababu bila hilo uzio wake wa mwisho hautaeleweka.

Alikuja kwetu mwaka 1991, akitoka kwenye kazi ya kujenga nyumba za watu. Wiki ya kwanza alitengeneza mabenchi. Wiki ya pili akakabidhiwa kazi ambayo wengine waliikimbia: uzio wa muda. Wenzangu mnajua kwamba kila kinapojengwa kitu hapa, au kinapobadilishwa, au kinapobomolewa, kwanza husimamishwa uzio wa mbao zilizopakwa rangi nyeupe ili mgeni aliyelipa kiingilio asitazame matope. Kwa wengi uzio huo ni kama karatasi ya kufungia zawadi, kitu cha kuchanwa. Bwana Nukui aliujenga kana kwamba kuna familia itakayohamia ndani yake. Nguzo zilinyooka, mbao zilipigwa randa upande wa wageni, na pembe zililainishwa watoto wasijikwaruze. Kazi ilipokwisha hakutupa ubao hata mmoja. Ukikaa leo kwenye benchi la karibu na bata, umekalia uzio wa bembea ya farasi.

Chakula chake cha mchana kilikuwa wali na tunda dogo chachu lililokaushwa kwa chumvi, akila karakanani huku redio ikitangaza mchezo wa besiboli. Timu yake ilizoea kushindwa, naye alizoea kuitetea. Na kwa miaka yote hiyo hakupanda hata mara moja ile rola kosta yetu kubwa ya buluu, Tsumuji, treni ya burudani inayopanda kilima cha chuma taratibu kama mzee na kuporomoka kama mwizi. Akibembelezwa alijibu, "Mimi na ardhi tunapendana. Kwa nini tuchonganishwe?"

Haiwezekani kumwandika Bwana Nukui bila kuwaandika mashabiki wa bustani. Kila majira ya baridi, siku ambazo bustani imefungwa, wao hukusanyika kwenye maegesho ya juu na darubini zao, chupa za chai na vifurushi vya wali uliofungwa kwa mwani. Swali lao ni moja: msimu ujao kuna nini kipya? Kibanda changu cha tiketi kiko hatua chache kutoka hapo, na dirisha lake halifungi vizuri, kwa hiyo nimesikia mengi kuliko niliyolipwa kusikia.

Wakuu wa baraza hilo ni wawili. Mama Usami Fumie ana saluni mtaa wa stesheni, na alipanda Tsumuji siku ilipofunguliwa mwaka 1978, akiwa bado na sare ya shule. Kunimatsu ni wa posta, kijana wa miaka arobaini na kitu, mwenye hakika ya kila jambo.

"Uzio umefika paa la duka la aiskrimu," Kunimatsu alisema baridi moja. "Mama Usami, hicho si kitu cha watoto. Hiyo ni rola kosta ya kumgeuza mtu kichwa chini."

"Mwaka jana ulisema hivyo hivyo, tukaletewa vikombe vya kuzunguka."

"Lakini vilikuwa vinazunguka kwa kasi!"

"Hata kiti changu cha saluni kinazunguka kwa kasi, na sijamkatia mtu tiketi."

Ni wao waliomwita Bwana Nukui "Mjomba Uzio". Alipopita na mkokoteni wake wa mbao walimzingira wakimsihi awape fununu moja, moja tu. Siku moja alivua kofia, akainama kwa adabu, akasema, "Kesho baridi itazidi. Vaeni soksi mbili." Usiku ule mtandao wao uliwaka moto. Soksi mbili maana yake nini? Treni mbili? Reli mbili sambamba? Kunimatsu alichora ramani nzima. Kesho yake theluji ikaanguka, na wale waliovaa soksi moja wakapata mafua.

Lakini mashabiki si wajinga. Baada ya miaka kadhaa waligundua kanuni, ambayo mimi niliyekuwa naye kila siku sikuwa nimeiona. Uzio wa Bwana Nukui ukiwa wa juu, kitu kinakuja. Ukiwa wa chini, kitu kinakwenda. Palipojengwa alificha, ili watu wapate raha ya kushtuka. Palipobomolewa alipiga mbao zikafika kwenye kiwiko cha mtu mzima tu, mtu aweze kuegemea na kutazama, na chini akaweka ubao wa kukanyagia kwa ajili ya watoto. Hakuna aliyemwagiza hivyo. Ofisi haikuwahi kuona tofauti. Nilipomuuliza aliniambia mbao ndefu ni ghali.

Kanuni ile iliwatia aibu mara moja tu. Mwaka 2009 ulisimama uzio mrefu kuliko wote, nyuma ya ukumbi wa chakula. Majira yote ya baridi hapakuwa na mazungumzo mengine. Wengine walisema ni mnara wa kuangusha watu, wengine wakasema ni rola kosta ya ndani ya giza. Siku ya ufunguzi walifika kabla ya jua, foleni mpaka barabarani, na mlango ulipofunguliwa walikimbia na kukuta vyoo vipya.

"Mjomba!" Kunimatsu alilalamika, pumzi zikimwishia. "Uzio wa juu kwa ajili ya choo?"

"Wewe ungependa uzio wa chini?" Bwana Nukui akamuuliza.

Kunimatsu alikuwa mtu wa kwanza kuvitumia vyoo vile. Picha yake ya ukumbusho, akiwa mlangoni ameinua vidole viwili, bado iko ukutani karakanani.

Sasa nifike majira ya baridi yaliyopita. Tsumuji ilikuwa imechakaa, na kila mtu alilijua hilo. Maegeshoni uvumi ulikuwa wa kila rangi. Itapakwa nyekundu. Italetewa treni mpya za kuketi kinyumenyume. Itauzwa nchi za nje. Mama Usami hakubishana kama kawaida yake. Miaka mingi nyuma, bustani moja ya mkoa wa jirani iliiondoa rola kosta aliyoipenda bila kusema neno hadi msimu ulipokwisha. Alisafiri nusu siku na kukuta kufuli.

"Wakiiondoa, waiondoe," alisema akikumbatia kikombe chake cha chai. "Chuma huzeeka, na mimi nazeeka. Ninachoomba nisisikie msiba baada ya mazishi."

"Hawawezi kuiondoa, mama," Kunimatsu akasema.

"Wewe uliniambia choo ni mnara."

Ukweli ni kwamba makao makuu yalikuwa yameshaamua. Tsumuji ingefanya kazi mpaka mwisho wa Machi, na tangazo lingetoka Aprili, mambo yakishapoa. Katikati ya Februari meneja wetu, Bwana Tokuhisa, alimwita Bwana Nukui na kumwagiza azungushie uzio wa mita tatu uwanja ulio chini ya kilima cha Tsumuji, mahali zitakaposimama kreni. Akamwonya asimwambie mtu. Bwana Nukui aliitikia na kuahidi kunyamaza. Hiyo ingekuwa kazi yake ya mwisho ya uzio, na kwa kanuni yake mwenyewe, mita tatu zingesema kwamba kitu kinakuja.

Hapa ndipo bonde linapoingia. Kiangazi chetu cha mwisho Nagusa, ofisi ya ujenzi ilizungushia mabati marefu barabara yote ya kijiji, wapita njia wasione nyumba zikivunjwa. Sisi wenye nyumba tulisimama upande huu wa mabati na kusikiliza. Babake Bwana Nukui alimbeba mabegani, lakini mabati yalikuwa marefu kuliko baba na mwana. Nyumba yao ilikwenda kwa sauti tu. Ndiyo maana kila mwaka wa ukame, maji ya bwawa yanaposhuka na nguzo za lango la shule yetu kuchomoza kwenye tope, watu wa Nagusa hukodi basi kwenda kuzitazama. Tumekwenda pamoja kila mara, mimi na yeye. Tunakula tulichofungasha, tunarudi.

Alimaliza uzio kwa siku tatu. Bwana Tokuhisa alipotoka kuukagua, alikuta mbao zinamfika kiwikoni.

"Bwana Nukui, nilisema mita tatu."

"Ndiyo, bwana meneja. Mbao zimeishia hapo."

"Stoo imejaa mbao. Nimetoka kuziona sasa hivi."

"Zile zina mafundo."

"Zote?"

"Mti wenyewe ulikuwa na matatizo, bwana meneja."

Nilikuwa nimesimama karibu nikijifanya nasafisha dirisha la kibanda. Bwana Tokuhisa ni mtu wa haki lakini ana hasira za karibu, na nilidhani mstaafu wetu ataondoka siku ile ile bila hata shada la maua. Meneja alisogea karibu na uzio. Kisha, nadhani bila kukusudia, aliweka viwiko vyake juu ya ubao, maana ubao ule ulikuwa umetengenezwa kwa ajili ya viwiko, na akainua macho. Treni ya majaribio ilikuwa inapanda tupu. Akaitazama ikifika kileleni, ikiinama, ikiporomoka. Akakaa pale mpaka ikarudi stesheni. Alikwenda ofisini kupiga simu makao makuu, na mlango wake ulifungwa muda mrefu. Ameniruhusu niyaandike haya, kwa sharti nitaje kwamba simu ile haikuwa rahisi. Haikuwa rahisi.

Jumamosi mashabiki walifika maegeshoni. Mama Usami alishika darubini, akaishusha, akaifuta kwa skafu, akaishika tena.

"Ni wa chini," alisema.

"Labda bado hajamaliza," Kunimatsu akasema. "Labda leo ataongeza."

"Ameshaweka ubao wa watoto, mdogo wangu. Amemaliza."

Kunimatsu alishusha darubini yake. Mama Usami alimpa kifurushi kimoja cha wali, na wakala wakiwa wamesimama. Baadaye Bwana Nukui alipita na mkokoteni mtupu. Hakuna aliyemzingira, wala aliyemwomba fununu. Mama Usami aliinama mpaka kiunoni. Yeye alivua kofia na kuinama vivyo hivyo.

"Mjomba," Mama Usami alimwambia, "nivae soksi ngapi?"

"Mwezi wa tatu kutakuwa na joto, mama. Njoo nyepesi, na uje mara nyingi."

Siku nne baadaye makao makuu yalitangaza rasmi siku ya mwisho ya Tsumuji. Wiki zilizofuata kibanda changu kilikosa nafasi ya kupumua. Walikuja mashabiki wa mikoa ya mbali, babu na wajukuu, na bibi mmoja aliyetaka tu kusikia mlio wa mnyororo wakati treni inapanda. Idara ya mauzo, ambayo iliogopa aibu, imeniomba niandike kwamba ilifurahi sana.

Jumatatu, saa ya mwisho, Mama Usami aliketi kiti cha mbele kabisa. Mama wa umri ule, kilemba chake cha saluni kimefungwa vizuri kwa ajili ya upepo. Treni ilipoanza kupanda alipaza sauti, "Mjomba Uzio! Nafasi ipo! Panda!"

"Ardhi itaniuliza nilikuwa wapi!" akajibu kutoka kwenye uzio wake.

Alikuwa ameegemea viwiko juu ya ubao, katikati ya watu, na miguuni pake watoto wamejipanga kwenye ubao wa kukanyagia. Kelele zilishuka kilima, zikazunguka, zikatulia. Treni ilipoingia stesheni watu walipiga makofi, kisha wote wakaiinamia Tsumuji kama mtu anayeondoka. Bwana Nukui aliinama akakawia kuinuka. Alipoinuka macho yake yalikuwa mekundu, naye akamwambia Kunimatsu kwamba ni vumbi la mbao. Kunimatsu, ambaye uso wake ulikuwa umelowa, aliafiki kwamba mbao zile zilikuwa na vumbi vibaya sana.

Mashabiki walimkabidhi zawadi yao: kiti cha kwanza cha treni, walichokinunua kwa kuchangishana, ili akiweke kibarazani. Bustani ilimpa pasi ya kuingia bure maisha yake yote. Kiti amekichukua. Pasi aliipokea kwa mikono miwili, akashukuru, kisha akaiacha karakanani, chini ya picha ya Kunimatsu na choo. Mwezi huu anahamia kaskazini kwa binti yake, ambako kuna bustani ya matofaa isiyo na uzio, na tayari hali hiyo inamkera.

Kiangazi hiki wanasema mvua itakuwa haba na maji ya bwawa yatashuka. Nilimuuliza kama nimwekee nafasi kwenye basi la Nagusa. "Nenda wewe, kaka," akasema. "Mimi Jumatatu nimekiona kitu kikienda mpaka mwisho. Kimenitosha."

Bwana Nukui, sisi wenzako wa Kamihira tunakushukuru kwa kila ubao ulioupiga randa upande wetu. Mitofaa ikuzalie, timu yako ishinde walau mara moja, na kila uzio utakaokutana nao uwe wa kimo cha viwiko. Mimi nitapanda basi lile peke yangu. Yeye ameaga vizuri, naye ameagwa vizuri. Hatarudi Kamihira wala Nagusa.