Shimo Lisilojaa

Mpeni Kaluki kile kiti cha mto, kisha mkae, wanangu, mnisikilize mpaka mwisho, maana pumzi niliyobaki nayo haitoshi kurudia maneno. Najua mnajiuliza kwa nini nimemwita mjane wa jirani aje asikie wosia wa baba yenu. Mtajua.

Mali haina maneno mengi. Musyimi, shamba la kahawa ni lako. Mwongeli, chukua la maparachichi hadi kwenye ua wa mkonge, na asitokee mtu wa kukuambia binti harithi. Kathini, nyumba hii ni yako pamoja na choo chake, na hicho choo ndicho kilichonifanya niwaite.

Mnakumbuka nilivyojivuna. Mwaka wa tisini na nne nilikuwa wa kwanza katika mteremko huu wa Nunguni kuwa na choo cha maji ndani ya nyumba, na kila mgeni nilimwambia kwamba wengine huita lori la kunyonya uchafu kila baada ya miaka michache, lakini shimo langu mimi halijai, Mungu amelibariki. Nzau, mume wa huyu mama, alipokuja kuniambia kwa upole kwamba kisima chake hapo chini kinanuka, nilisema ananionea wivu. Nikampeleka mbele ya wazee wa ukoo, wakamtoza mbuzi kwa kunichafulia jina, na mbuzi huyo tukamla hapa uani tukicheka. Wewe Musyimi ndiwe uliyepewa figo. Nzau hakukanyaga hapa tena mpaka alipozikwa.

Mwaka jana Kathini alipotaka kuongeza bafu, nilimwita fundi Kimeu kutoka Mukuyuni aje akague shimo kwanza. Akafunua mfuniko, akatumbukiza mti mrefu, akautazama, akaniuliza lilinyonywa lini mara ya mwisho. Nikamjibu kwa maringo, halijawahi. Akasema, "Mzee, shimo la watu wengi hivi, miaka thelathini halijai? Hiyo si baraka. Linavuja." Hapo nikakumbuka kwamba wakati wa kulijenga, tulipofika kwenye sakafu ya shimo niliagiza iachwe udongo mtupu, simiti iliyobaki nikaimwaga kwenye veranda ili wapita njia waione. Kimeu akamimina rangi ya kijani chooni. Siku ya tatu nikateremka peke yangu mpaka kisimani kwa Nzau, nikateka ndoo moja. Maji yalikuwa ya kijani.

Nilipaswa kupiga hodi saa ile ile. Niliona haya, wanangu. Badala yake nikamwambia Kaluki awe anachota kwenye bomba langu bure, nikasingizia kiangazi, na kanisani mkanipigia makofi kwa ukarimu wangu. Mficha uchi hazai. Makofi yale yaliniuma kuliko ugonjwa huu.

Basi fanyeni hivi. Kimeu alifukie shimo hili, achimbe jingine kule upande wa barabara, na sakafu itiwe simiti ninyi mkitazama kwa macho yenu. Mchimbieni mama huyu kisima kipya, juu, mbali na uchafu wetu. Mpelekeeni mbuzi jike mwenye mimba, si yule kilema ambaye najua mmeshamfikiria. Na wewe Musyimi, siku ya mazishi ukisimama kusoma maisha yangu, usiseme nilikuwa mtu mnyofu kabla hujasema kwamba Nzau alisema kweli. Wazee waliomtoza mbuzi bado wapo, wasikie.

Nishikeni kidogo. Mungu awape mvua kwa wakati wake, awape watoto, awape majirani wa kuwaambia ukweli, na masikio... na masikio ya kuusikia.

Kaluki, sikuombi unijibu leo. Ila nataka usikie nikiwa ningali hai. Kathini, anza wewe, sema, Nzau alisema kweli... Haya. Mwongeli... Musyimi, na wewe. Paza sauti, mwanangu, mama hasikii vizuri upande huo...

Tena.