Devota Laurenti Gama wa Laini ya Tatu, Kwasemtua

Baba Padre, majirani, ndugu mliotoka Songea, Lushoto na Tanga mjini: anayesoma ni Praxeda, mdogo wake marehemu.

Dada yetu Devota alizaliwa tarehe 14 Machi 1951 hapa hapa katika shamba la mkonge la Kwasemtua, wilaya ya Muheza, akiwa mtoto wa kwanza wa Mzee Laurenti Gama na Mama Skolastika. Baba aliletwa kutoka Songea akiwa manamba, kibarua wa mkataba, kukata mkonge. Kabla hajapewa panga alipewa kazi ya kubeba mawe, na mawe hayo ndiyo yaliyojenga Laini ya Tatu: vyumba vilivyoshikana, kibaraza kimoja kirefu, jiko la pamoja uani na bomba moja mwishoni. Devota alizaliwa katika chumba ambacho baba yake alizisimamisha kuta zake.

Alisoma shule ya shamba hadi darasa la nne, kisha akamaliza la saba katika shule ya misheni, akitembea kwenda na kurudi. Alipenda hesabu na kuimba. Sekondari hakwenda, kwa kuwa Mama aliugua na wadogo tulikuwa wengi.

Mwaka 1968 aliajiriwa korona, yaani kiwandani panapokamuliwa mkonge, akianika singa, yaani nyuzi mbichi za mkonge, kwenye nyaya. Baadaye alihamishiwa zahanati ya shamba kumsaidia mkunga. Wengi mlioketi hapa mlipokelewa na mikono yake. Shamba lilipodorora wenzake walipunguzwa kazi, naye akiwamo, lakini wafanyakazi wa zamani waliachiwa vyumba vyao, nao wakavitunza. Chokaa walipaka wenyewe. Paa lilipovuja walichangishana.

Tarehe 7 Oktoba 1972 alifunga ndoa na Eliudi Shekigenda, fundi wa korona, Mlutheri kutoka Lushoto. Siku ile milango yote ya Laini ya Tatu iliachwa wazi ili wageni wapate pa kukaa. Bwana harusi, ambaye alikuwa mgeni wa mpangilio ule, aliingia chumba cha jirani, Mzee Mselem, akaketi kitandani na suti yake akimsubiri mke. Mzee Mselem alipomkuta akamwambia, "Karibu sana, shemeji, ila hapa utaozwa mimi." Kicheko hicho kiliishi laini nzima kwa miaka.

Mungu aliwajalia watoto watatu. Mwaka 1983 waliongezewa wa nne. Dada yake Eliudi alijifungulia chumbani kwao mtoto wa kiume, na mwezi uleule homa ikamchukua mama huyo. Mtoto ni Asheri. Devota alimbeba mgongoni pamoja na wake, akamsomesha kwa maandazi aliyouza mlangoni mwa korona, hadi akahitimu chuo na kuwa mtaalamu wa mipango ya ardhi. Mume alipofariki mwaka 2009, Asheri ndiye aliyekuwa fahari yake.

Sasa nafika pagumu, na Devota hakupenda mambo yafichwe.

Shamba liliponunuliwa upya, kampuni ilitaka eneo la laini kwa ujenzi mwingine. Wazee walikuwa tayari kwenda wilayani kuomba nyumba zihifadhiwe, kwa sababu hakuna mahali pengine palipobaki pa kuonyesha manamba waliishi vipi. Asheri alikuja akiwa mshauri wa kampuni. Aliketi kibarazani, akala ugali, akasema, "Mama, hii laini haiguswi. Nitaisimamia mwenyewe. Nikusanyie wazee, tuandike historia yao." Devota akapita mlango kwa mlango. "Msiende wilayani," aliwaambia. "Huyu ni mwanangu." Wazee wakatulia. Wakasimulia yote, wakatoa na picha zao.

Mkutano wa hadhara ulifanyika Juni 2023. Asheri alisimama upande wa kampuni, akasema nyumba ya meneja iliyoko kilimani ndiyo yenye historia na itafanywa makumbusho. "Hizi nyingine," alisema, "ni vyumba vya kulala vibarua."

Devota aliinuka. "Asheri, wewe ulizaliwa katika chumba cha kibarua. Mama yako alifia humo."

"Mama, tafadhali, tutazungumza nyumbani."

"Nyumbani wapi?"

Agosti, Laini ya Tatu ilivunjwa, na mawe ya baba yetu yakafukiwa barabarani. Baadhi ya majirani waliacha kumsalimia Devota, maana ndiye aliyewazuia. Hilo lilimuumiza kuliko kukosa paa. Picha yake ilitundikwa kwenye ukuta wa nyumba ya meneja, nyumba ambayo alipokuwa msichana aliingia kwa mlango wa jikoni tu. Alialikwa kwenye ufunguzi. Hakwenda.

Alihamia Nguvumali, Tanga mjini, kwa binti yake Brightness. Presha ilipanda, na Januari mwaka huu wa 2025 akapata kiharusi. Asheri alikuja hospitali na matunda. "Shikamoo, Mama." Akaitikia, "Marahaba." "Mama, unanitambua?" Dada akasema, "Nakutambua sana," akageukia ukutani. Tulimwomba azungumze naye. Alikataa. Alifariki Jumatatu, tarehe 9 Juni 2025, alfajiri, Brightness akiwa amemshika mkono.

Tulipoandaa maneno haya, wengine katika familia walitaka jina moja lisisomwe. Lakini mimi nilikuwa nimeshamuuliza mwenyewe, wiki mbili kabla hajaondoka. Akasema, "Msome na wenzake. Sijamsamehe, Praxeda. Ila nilimlea."

Kwa hiyo nasoma alivyoagiza. Marehemu ameacha mdogo mmoja tu niliyebaki, wajukuu tisa, na watoto wanne: Brightness, Lucas, Najat aliyeolewa Pangani, na Asheri.

Bwana umpokee Devota, umpe raha aliyonyimwa mwishoni.