Melkizedeki na Kisima cha Gaspari

Wazee wetu, shikamooni, na ninyi nyote mlioacha mashamba yenu wakati huu wa kulinda ndege mkaja kusimama nasi, poleni kwa safari. Mimi Laurenti, mdogo wa marehemu, nimepewa na ukoo kazi ya kueleza ndugu yetu alikuwa nani, nami nitaeleza kama ilivyokuwa, hata pale panapouma, kwa sababu yeye mwenyewe hakupenda kusifiwa bure.

Marehemu Melkizedeki alizaliwa hapa Kinyangiri mwaka 1909, siku za Wajerumani, akiwa mtoto wa pili wa mzee wetu Mathayo. Alichunga mbuzi kama wenzake, akaingia shule ya misheni mwaka 1921, akasoma hadi mwaka 1924 baba alipougua na mashamba yakahitaji mikono, na tarehe 17 Aprili 1927 alibatizwa. Mwaka 1930 alikwenda Sekenke kutafuta fedha ya kodi ya kichwa kwenye machimbo ya dhahabu, na huko ndiko alikokutana kwa karibu na Gaspari, mwana wa Mama Rahabu, ambaye hapa kijijini alikuwa akisalimiana naye tu njiani. Walilala kibanda kimoja, wakala chungu kimoja, wakajifunza pamoja kushuka ndani ya ardhi na kuizuia kwa magogo isiwaangukie.

Mwaka 1934 marehemu alirudi nyumbani akamwoa Yunisi, mjane tunayemwona hapa leo, ndoa yao ikafungwa tarehe 11 Agosti, na Mungu akawajalia Lea, Simeoni na Felista, pamoja na mmoja aliyetangulia angali mchanga.

Gaspari naye alirudi, lakini yeye hakuoa wala hakutulia. Kila kiangazi, mama zetu walipokuwa wakifukua mchanga wa mto kutafuta maji ya kikombe kimoja, Gaspari alibeba sururu yake akaenda kijiji chochote kilichomwita, akachimba kisima, akala alichopewa, akakataa ujira. Mgonjwa akihitaji kubebwa kwa machela kwenda hospitali, bega la kwanza lilikuwa lake. Marehemu alifuatana naye kila alipoweza, Gaspari chini, yeye juu kwenye gogo la kuzungushia kamba.

Tarehe 21 Septemba 1938, bondeni hapo chini ya kanisa, Gaspari alikuwa ndani ya shimo pamoja na Petro, kaka wa Yunisi, udongo wa pembeni ulipoanza kumomonyoka kabla magogo hayajafika, na kamba ilikuwa moja. Marehemu alisikia sauti ya Gaspari ikitoka chini, "Huyu kwanza! Vuta!" Alivuta, akamtoa Petro akiwa mweupe kwa vumbi, na alipoitupa kamba mara ya pili, shimo lilikuwa limekwisha kujifunga. Mwili wa Gaspari ulitolewa kesho yake, ukazikwa, na shimo likaachwa hivyo hivyo.

Ndugu zangu, maneno yalianza kabla matanga hayajaanuliwa, ya kwamba Melkizedeki amemvuta shemeji yake na kumwacha rafiki yake. Petro alishindwa kuyavumilia macho ya watu, akaondoka kwenda machimboni, wala hakuonekana tena. Sauti ile ilikuwa imesikiwa na watu wawili tu, na Petro alipoondoka akabaki mmoja, naye ndiye aliyekuwa akishukiwa.

Mwanzoni mwa mwaka 1939 marehemu alisimama kanisani baada ya ibada akasema kwamba Gaspari hapaswi kusahauliwa, na kwamba ukumbusho wake uwe kisima kile kile, kifukuliwe, kijengwe kwa mawe na saruji, kinywewe na Wakristo na Waislamu na mifugo yao. Wengine waliguna, wengine walitoka nje. Lakini wiki iliyofuata alibeba debe begani, akaanza kupita nyumba kwa nyumba, na kwa kuwa fedha zilikuwa haba aliomba samli, hata kijiko kimoja, ili ikijaa iuzwe Singida mjini kwa wenye maduka. Alifukuzwa na mbwa, alifungiwa milango, mwanamke mmoja alimwambia mbele ya watoto wake, "Nenda ukamwombe shemeji yako." Aliitikia kwa heshima, akaenda nyumba ya pili. Wapo waliotoa kwa imani na wapo waliotoa ili aondoke, na madebe yakaongezeka kidogo kidogo.

Mwezi Julai mwaka 1940, wakati wa vita, jumbe aliyekuwapo zamani zile alimwita barazani mbele ya watu wote, madebe ya samli yakiwa yamekwisha kuchukuliwa na kufungiwa ghalani kwake.

"Nani amekupa ruhusa ya kuchangisha watu wangu?" jumbe aliuliza.

"Hakuna, Jumbe. Niliomba, wakatoa."

"Watu wanasema unakula kwa jina la marehemu uliyemuua mwenyewe."

Marehemu alinyosha mkono kuelekea ghalani. "Jumbe," alisema, "samli yote unayo wewe. Kama nimekula, nimekula nini?"

Baadhi walicheka, jumbe hakucheka. Alitoa hukumu kwamba mama mzazi wa Gaspari aulizwe, akikubali kazi iendelee, akikataa samli irudi kwa wenyewe na Melkizedeki apelekwe boma Singida kushitakiwa kwa kuchangisha bila kibali.

Hapo ndipo ugumu ulipokuwa. Kwa muda wote ule marehemu alikuwa amepita kila nyumba isipokuwa ya Mama Rahabu, akiona njia ya kwake anakata kona. Yunisi ndiye aliyemwambia jioni ile, "Baba Lea, umeomba kwa wote waliokutukana, na mwenye mtoto hujamwomba. Nenda."

Alikwenda, akapiga hodi, akabaki amesimama uani kwa sababu hakukaribishwa kukaa.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba. Umekuja kutaka samli?"

"Nimekuja kukuuliza, Mama. Kisima kifukuliwe, au kiachwe?"

Mama Rahabu alikuwa akipepeta uwele, akaendelea kupepeta. "Mnataka kunywa maji mahali mwanangu alipokosa pumzi," alisema. "Haya. Mimi nina swali langu, na tangu siku ile hakuna aliyeniletea jibu. Alisema nini?"

"Alisema, 'Huyu kwanza.' Akasema, 'Vuta.' Mama, nilivuta kwa sababu alisema."

Ungo ulisimama. Marehemu alingoja kufukuzwa, au kulaaniwa, lakini Mama alisema tu, "Mwambie Jumbe sijakataa. Na usimwambie nimekubali. Siku mtakayoanza, nitakuja."

Jumbe aliyapokea maneno hayo kwa shida, akafungua ghala, samli ikapelekwa Singida, saruji na kamba mpya vikanunuliwa, na tarehe 2 Septemba 1940 watu walijaa bondeni. Walikuja kutazama. Wachimbaji walioahidi walifika ukingoni, wakachungulia, wakarudi nyuma mmoja baada ya mwingine, wakisema shimo lile limekwisha kuonja mtu. Marehemu alivua shati akajifunga kamba kiunoni, akauliza nani atashika gogo. Mimi nilikuwa mgonjwa wa mguu, nimeegemea fimbo, nikajitokeza, akanikataza kwa macho. Aliuliza tena. Wanaume wazima walitazama ardhi, kwa maana hakuna aliyetaka naye aje kusemwa kama alivyosemwa Melkizedeki.

Mama Rahabu alipita katikati ya watu. Hakumtazama yeyote. Alishika mpini wa gogo kwa mikono yote miwili, akasimama imara.

Kila mmoja alijua kilichokuwa moyoni mwa mwanamke yule kwa miaka miwili, na kila mmoja aliona uhai wa Melkizedeki uko mkononi mwake. Marehemu mwenyewe pia aliliona hilo. Alimtazama, akasema, "Mama, nashuka."

"Shuka," Mama alisema. "Ukiita nitasikia."

Akashuka. Udongo ulidondoka mara mbili, watu wakapiga kelele, Mama Rahabu hakuachia. Mwanamke wa kwanza alimwendea akashika mpini pamoja naye, kisha wa pili, kisha wanaume wakaona aibu wakaja. Tangu siku hiyo hakukosekana mtu wa kushika kamba, na tarehe 19 Oktoba maji yalitoka, machafu kwanza, halafu safi.

Ukuta ulipomalizika, marehemu alichukua msumari aandike kwenye saruji mbichi, akamuuliza Mama kama aandike kwamba Gaspari alifia hapo. "Usiandike alikufa," Mama alisema, "andika alichimba." Ndivyo ilivyoandikwa, na mnaochota pale mmesoma.

Baada ya hapo marehemu alilima, akawa mzee wa kanisa tangu mwaka 1946, na kila kiangazi akachimba visima kwa wanaomwita, bila ujira. Kikohozi alichokipata machimboni kilimzidi mwaka 1955, akalazwa hospitali ya misheni mara kadhaa, akarudishwa nyumbani mwezi Februari mwaka huu, na asubuhi ya Jumapili, tarehe 10 Machi 1957, akiwa ameegemea kifua cha mkewe, aliaga dunia.

Ukoo unawashukuru daktari na wauguzi waliomhudumia, wazee wa kanisa, jirani zetu Waislamu waliochimba kaburi tangu alfajiri, na wachimba visima wenzake waliotembea kutoka Ikungi. Mnaouliza kwa nini Mama Rahabu amekaa kwenye mkeka wa wafiwa, mahali pa mama yetu aliyekwisha kufariki, hakuna aliyemweka hapo. Alikuja jana, akakaa, akasema amefiwa na mwanawe.

Kaka, udongo huu umeufukua maisha yako yote kwa ajili ya wengine, leo ukupokee polepole. Lala kwa utulivu mbele za Mungu wako.