Obedi Matonya na Tangi la Nne la Kizota

Wachungaji, wazee wetu shikamooni, nanyi ndugu waombolezaji, familia inaomba utulivu wenu tuisimulie njia aliyoipita mpendwa wetu.

Obedi Matonya alizaliwa tarehe 14 Machi 1963 huko Mvumi Makulu, akiwa mtoto wa tano wa mzee Eliakimu Matonya, akasoma shule ya msingi kijijini hapo mwaka 1971 hadi 1977, kisha akajifunza uchomeleaji Dodoma mjini na kuhitimu mwaka 1981. Tarehe 5 Septemba 1987 alifunga ndoa na Yudith, wakajaliwa Joshua na Jenifa, ambao ni mashahidi kwamba baba yao hakuuamini mtungi wa gesi mpaka aupake povu la sabuni.

Alichomelea matangi ya chuma kwa miaka ishirini na mitatu, na mwaka 2004 akawa mkaguzi wa matangi ya kemikali. Tarehe 9 Agosti 2021 ghala moja la Kizota liliungua, naye akaitwa siku ya tano kukagua matangi manne ya kemikali za kuyeyushia rangi, ili yajazwe tena. Matatu yalikuwa na masizi, lakini la nne, lililokuwa karibu kabisa na ghala, liling'aa kwa rangi mpya, na mpira wa mfuniko wake ulikuwa mpya pia.

Meneja, Bwana Charles, akamwambia, "Mzee Matonya, hilo lilipata moshi tu, tumelipaka rangi lipendeze."

"Moshi hauyeyushi mpira, mwanangu. Ule wa zamani uko wapi?"

Bwana Charles akamsogezea fomu ya kutia saini.

Alikwangua rangi, akaegemeza rula ndefu ubavuni, akaona bati limebonyea, akapima ugumu wa chuma mahali kumi na mbili, akakuta umepungua upande wote ulioelekea moto, ishara kwamba joto limekilegeza. Alikataa kutia saini. Watu wa ghala wakanong'ona kwamba ametumwa na washindani, simu za kazi zikakoma, na hata sisi wa nyumbani, hatutawaficha, tulimshuku kuwa uzee umemtia ukaidi. Yeye alishikilia neno moja, lijazwe maji kwanza kulijaribu, kabla ya kemikali. Tarehe 2 Septemba likajazwa, na lilipokaribia kujaa, kiungo cha chini kikapasuka, maji yakauangusha ukuta wa uani juu ya mabenchi ya mama lishe waliouza chakula nje yake, ambayo yalikuwa matupu kwa sababu asubuhi ile marehemu alimsihi mlinzi, Ambokile, awahamishe wote. Jioni Yudith alimwomba radhi, naye akasema tu, "Nipe chai, mama Joshua."

Novemba 2024 alianza kuugua figo, akatibiwa hapa Dodoma, na tarehe 11 Juni 2025, saa nane mchana, akatutoka, akiwa na umri wa miaka sitini na miwili.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, majirani, mafundi wenzake, na kina mama lishe wa Kizota, ambao tangu juzi wanawapikia waombolezaji bila kuitwa na mtu.

Lala, Obedi, upumzike kwa amani ya Bwana.