Ikupa Aliitwa Mara Mbili

Kijiwe chetu kiko ubavuni mwa foleni ya malori, hatua chache kutoka mpakani, pale ambapo dereva akizima injini anajua hataiwasha tena mpaka kesho. Kina benchi moja la mbao, ndoo mbili zilizogeuzwa, na jiko la mkaa la Mama Tuntufye, ambaye kahawa yake inatoka shambani kwake, kijiji cha Ruanda hapa hapa mkoani, na ndani yake hatii kitu kingine ila tangawizi. Mimi huachiwa benchi, kwa sababu nilifundisha darasa la kwanza miaka thelathini na moja na wengi wa hapa niliwashika mkono kuwaonyesha namna ya kuandika herufi a. Wawili hawakosi. Sadoki anawajazia madereva fomu, tunamwita Muhuri, maana kila analosema analisema kama limeshagongwa na kusainiwa. Jonasi anachaji simu za madereva kwenye kibanda hapo pembeni, na huyo ni Betri. Betri humwita kila mtu mukwai, neno la heshima la Kibemba aliloliokota kwa madereva wa ng'ambo, na hulitumia hata anapokutukana.

Alhamisi hiyo Lusubilo alikuja mapema kuliko kawaida yake. Yeye anapakua mizigo ghalani. Alikuwa na jina la utani kama wenzake, lakini tangu binti yake azaliwe anaitika Baba Ikupa tu, na lile jingine tumelisahau. Alikaa kwenye ndoo, akapokea kikombe, asinywe. Kwenye mfuko wa shati alikuwa na simu ya zamani yenye ufa pembeni. Saa kumi kamili mfuko ule ukasema, kwa sauti ya mwanamke mpole:

— Ikupa, njoo tusome.

Muhuri akageuka kumtafuta huyo mwanamke.

— Ni kitabu, alisema Baba Ikupa, akakifunika kwa kiganja. Huita hivyo saa yake ya kufunguka ikifika. Leo ni mwisho. Binamu yangu Deus anapita hapa jioni hii, anaichukua simu anakwenda nayo Chitete.

Tukamwacha aseme, naye akasema yote. Mwezi wa kwanza, Ikupa alipoanza shule, baba yake aliweka kwenye simu hiyo kitabu cha hadithi. Siyo kitabu cha kutazama tu. Ukimgusa nungunungu anasimamisha miiba, ukiligusa neno linatamkwa, na mtoto akisoma vibaya ile sauti inamwambia bila ukali: "Bado. Jaribu tena." Mwisho wa kila hadithi kuna mchezo wa watu wawili, kuvusha mbuzi darajani. Kidole cha mtoto kinashika kamba upande huu, dole gumba la baba linashika upande ule, na mmoja akiharakisha mbuzi wote wanarudi walikotoka, na sauti inasema maneno yale yale. Jumapili wakitoka kanisani walikuwa wanacheza, na Ikupa ndiye aliyekuwa anamgombeza baba yake kwa pupa.

Wala hakuna aliyebisha kwamba kitabu kilimsaidia. Mwezi wa tatu mtoto alikuwa anasoma maandishi ya nyuma ya malori. Alisimama mbele ya kibao cha Muhuri, kilichoandikwa "TUNAJZA FOMU ZOTE", akamwambia kwa adabu kwamba kuna herufi imepotea. Muhuri aliichomeka kwa chaki, na mpaka leo ipo kwa chaki.

Lakini mzazi huweka mipaka. Baba Ikupa alikipangia kitabu kifunguke saa kumi jioni na kifungwe saa kumi na moja, kwa namba ya siri anayoijua yeye peke yake. Juma lililopita aliporudi kutoka kazini saa kumi na moja na nusu akamkuta binti yake kwenye ngazi ya nyuma ya nyumba, ile inayotazama Zambia, anasoma. Kitabu kiko wazi. Kesho yake hivyo hivyo. Akabadilisha namba mara tatu, na mara zote tatu akamkuta anasoma.

— Nikamuuliza, nani amekufungulia? Anasema, "Imeniita tena, baba." Imemwita tena! Imeshafungwa, itamwitaje? Nikamwambia mbele ya mama yake na wadogo zake: mimi mwongo silei.

Alisema hivyo kwa sauti ya mtu aliyekata shauri. Lakini mbuzi walikuwa wamebaki darajani juma zima, na nadhani hilo nalo lilikuwa linamsumbua, maana kikombe chake kilikuwa bado kimejaa.

Kijiwe chetu hakiachi jambo likapita bila maelezo. Muhuri ndiye aliyeanza.

— Kaka, hilo dogo. Amekuangalia vidole. Watoto wa siku hizi wanaangalia vidole kama sisi tulivyokuwa tunaangalia mkono wa mama ukienda kwenye sukari.

— Naibadilisha usiku, Muhuri, yeye amelala. Ikupa haoni kitu.

— Basi ameangalia kioo. Mafuta ya kidole yanabaki. Anakiinamisha juani, anazisoma namba.

Betri akacheka, akasema mtaalamu wa simu hapa ni yeye, na wasiojua wanyamaze. Maelezo yake ni kwamba simu ile imemwona Ikupa kwa muda mrefu mno. Ikipokelewa kila siku na uso mmoja, mwishowe inaamini uso huo ndio mwenyewe.

— Sasa wewe, mukwai, ndiyo mwizi. Inamfungulia yeye, na wewe ipo siku itakukatalia kabisa. Hapo hata uipeleke Chitete, itamkumbuka.

— Imkumbuke kwa kipi, ina roho?

— Sijasema roho. Nimesema chaji. Simu ikichajiwa sana na jenereta inachangamka.

Muhuri hakukubali kuachwa nyuma. Akashusha sauti kama mtu anayetoa taarifa za ofisini. Alidai kwamba waliotengeneza vitabu hivyo wanakaa mbali, huko mchana wao ni usiku wetu, na wanajua mzazi akifunga. Wanafungua kwa upande wa pili, taratibu, ili mtoto azoee kuwasikiliza wao kuliko nyumbani. Betri akaipokea pale pale, akaisukuma mbele: siyo watu wanaofungua, ni yule nungunungu. Hadithi isiyosomwa inafifia, na mnyama wa ndani anajua, ndiyo maana akiona amefungiwa anatoa mwiba mmoja anachokonoa kufuli.

— Kule kwetu Ileje, alisema Mama Tuntufye bila kuinua macho kwenye jiko, bibi alikuwa anasimulia mpaka analala yeye kabla yetu. Hakuna aliyewahi kumwekea namba ya siri.

Tulicheka, hata Baba Ikupa kidogo. Kisha akanigeukia mimi.

— Mwalimu hajasema. Mwalimu, niambie. Hivi vitu vinaharibu watoto, au haviharibu?

Nilimjibu nilichokiona kwa macho yangu, maana katika hilo sina wasiwasi. Nimewafundisha watoto kwa vitabu vizuri, kwa vitabu vilivyopungua kurasa, na kwa vijiti kwenye vumbi pale ambapo hapakuwa na kitabu. Waliojua kusoma mapema hawakuwa wale wenye kitabu kizuri. Walikuwa wale ambao nyumbani kulikuwa na mtu wa kuwauliza, "Halafu ikawaje?" Simu ikiwa na mtu pembeni yake ni kitabu. Ikikosa mtu, ni kelele. Nikamwambia kwamba alipokuwa anashika kamba ya mbuzi na binti yake alikuwa anafanya kazi yangu, tena anaifanya vizuri.

— Kwa hiyo nisimpe Deus?

— Hilo ni lako. Mimi nina swali moja. Ikupa amekiri?

Akazungusha kikombe mkononi.

— Amekiri jana. Nilimwambia hatutacheza tena mpaka aseme ukweli. Siku tatu akakaa na maneno yale yale, imeniita, imeniita. Jana akaja mwenyewe, amesimama mlangoni, anasema, "Baba, namba naijua."

— Ukamuuliza ni ipi?

— Nikamuuliza. Akasema moja, mbili, tatu, nne.

— Ndiyo yenyewe?

— Siyo. Wala haijawahi kuwa hiyo.

— Si unaona, alidakia Muhuri. Ya kweli ameificha. Ametoa ya kukupoza.

Darasani kwangu, chaki zikipotea, aliyezichukua alikuwa anakana na aliyezoea kupendwa alikuwa anakiri asilolifanya. Ukimuuliza huyo wa pili amezificha wapi, anaangalia chini, anataja mahali pa kwanza panapomjia. Nilifanya kosa hilo mara moja, miaka mingi iliyopita, na mtoto mwenyewe sasa ana wajukuu. Nikamwambia Baba Ikupa hivi, polepole:

— Mtoto aliyefanya kosa anayajua maelezo yake. Ambaye hakulifanya analazimika kubahatisha. Binti yako amebahatisha, Baba Ikupa.

— Sasa kama siyo yeye, ni nani? Simu ijifungue yenyewe?

Nilijua mtoto hakusema uongo, lakini sikujua ukweli ulikuwa upi, na baba aliyeshikilia jambo kwa juma zima haliachii kwa sababu mwalimu mstaafu amelihisi. Akaitoa simu mfukoni, akaitazama, kufuli limejaa kioo kizima. Akanionyesha. Ilikuwa imeshapita saa kumi na moja, kitabu kimefungwa kama alivyokiagiza. Akairudisha mfukoni na kusema Deus akija atampa, na Ikupa atapata daftari, na mambo yataisha.

Wakati huo akapita dada mmoja amebeba mfuko wa vitenge kichwani, jasho usoni, anatokea upande wa Nakonde. Alijitambulisha baadaye kuwa ni Gwantwa, wa Nanyala, na ilikuwa mara yake ya kwanza kuvuka mpaka. Alitusalimia vizuri, shikamoo kwangu na kwa Mama Tuntufye, habari kwa wengine. Gari lake lilikuwa linaondoka saa kumi na moja na nusu.

— Samahanini ndugu zangu. Sasa hivi ni saa ngapi?

— Saa kumi na moja na dakika kumi na mbili, alisema Muhuri akitazama simu yake.

— Saa kumi na dakika kumi na mbili, alisema Betri akitazama yake.

Dada yule akawaangalia kwa zamu.

— Naomba moja tu.

Kwa mtu wa Tunduma hili halina ajabu. Wenzetu wa ng'ambo wako nyuma yetu kwa saa nzima, na simu zetu hazijui mpaka. Mnara wa huku ukizubaa, simu inashika mtandao wa kule na saa inarudi nyuma. Ukisogea hatua kumi inarudi mbele. Tumelizoea kiasi kwamba hatulisemi. Kila mtu anatazama simu, anaongeza au anapunguza kichwani, kama unavyovuka mlango wenye kizingiti kibovu bila kukitazama. Basi Muhuri alikuwa anamweleza mgeni kwamba yake ndiyo saa ya nyumbani, na Betri anabisha kwamba ya Muhuri huwa inakawia kubadilika, wakati mfuko wa shati wa Baba Ikupa uliposema, kwa ile sauti ya upole:

— Ikupa, njoo tusome.

Hakuna aliyecheka. Baba Ikupa aliitoa simu taratibu kama kitu cha moto. Kufuli halikuwapo. Kwenye kioo alikuwapo nungunungu, amesimama kando ya daraja, na juu yake namba ndogo za saa: kumi na dakika kumi na mbili.

— Ile ngazi ya nyuma, alisema. Inatazama kule.

— Mukwai, alisema Betri, na safari hii alimaanisha heshima. Mimi kila siku ninawarekebishia madereva saa. Kila siku.

Muhuri alikuwa ameshika kikombe kitupu, anakitazama ndani.

— Imemwita tena, alisema Baba Ikupa. Alirudia maneno hayo ya binti yake kana kwamba ndiyo kwanza anayasikia. Kisha akaniuliza mimi, siyo kwa sauti ya kijiweni:

— Mwalimu, unamwambiaje mtoto kitu kama hiki?

— Ulimwita mwongo mbele ya nani?

— Mama yake. Na wadogo zake.

— Basi waite wote. Na useme kwa sauti ile ile.

Akatikisa kichwa kukubali. Kahawa yake ilikuwa imepoa. Akainywa yote kwa mkupuo na kumrudishia Mama Tuntufye kikombe kwa mikono miwili. Akatuomba Deus akija tumwambie simu ina mwenyewe.

Mama Tuntufye alimshika dada Gwantwa mkono na kumwonyesha njia ya stendi. Alimwambia aende mbio bila kuuliza tena, maana katika mji huu akichelewa kwa saa moja, upande wa pili atakuwa amewahi.

Baba Ikupa alikuwa ameshafika kwenye lori la tatu. Alitembea ameinama, simu mbele ya kifua, dole gumba linahangaika kwenye kioo. Nadhani alikuwa anataka kujua mbuzi waliachwa wapi kabla hajafika nyumbani. Malori yalikuwa yamezimwa, kwa hiyo tuliisikia sauti ikimjibu, bila ukali:

— Bado. Jaribu tena.